Mtoto Mchanga na Ndugu Yake: Nani Abebwe Mgongoni?

Leo tuzungumze juu ya jambo linalowapata wazazi wengi wa vijijini, lakini halitajwi sana katika mikutano ya afya. Jambo lenyewe ni hili. Mama amejifungua na mtoto wake mchanga ana wiki sita. Mtoto wake mwingine ana mwaka mmoja na nusu. Huyu mkubwa anatembea vizuri uwanjani pa nyumba, lakini hawezi kutembea kilomita tatu mpaka zahanati. Mama ana mgongo mmoja tu. Je, nani abebwe?

Swali hili ni la kila siku kwa mkulima wa Chitete. Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe, lakini maisha ya wengi pale bado ni ya jembe. Mama anakwenda kwenye shamba la ufuta kwa miguu. Anakwenda kuchota maji, kutafuta kuni, kusaga mahindi mashineni, na kliniki. Masika njia ni tope, kiangazi ni vumbi na mchanga. Popote aendapo, watoto wale wawili wako naye.

Wenzetu wa mijini na wa nchi za ng'ambo hutumia kigari cha mtoto, yaani kiti au kitanda kidogo chenye magurudumu kinachosukumwa kwa mikono. Kigari si kitu kibaya. Zamani vigari vilikuwa vizito sana, mpaka mhandisi Mwingereza aliyeitwa Owen Maclaren alipotengeneza kigari chepesi cha kukunja mwaka 1965. Maclaren alikuwa amefanya kazi ya kubuni magurudumu ya ndege za vita, na akatumia ujuzi huo kumrahisishia mzazi safari. Vipo pia vigari vya watoto wawili. Vya mtumba huuzwa mijini, na huenda ndugu yako akakuletea kimoja kama zawadi.

Kabla ya kukipokea kwa furaha, kitazame kwa makini. Kwanza, je, kiti chake kinalala kabisa? Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Akikalishwa wima au akiwa amejikunja, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa huziba. Mtoto wa namna hii halii wala hapigi kelele. Hunyamaza tu, na mama hudhani amelala. Kwa hiyo kigari ambacho kiti chake hakilali hakimfai mtoto mpaka aweze kukaa mwenyewe, yaani kuanzia miezi sita hivi. Pili, tazama magurudumu. Magurudumu madogo ya plastiki yalitengenezwa kwa ajili ya lami na sakafu. Kwenye mchanga yatazama, na mama atamaliza safari akiwa amebeba watoto wawili na kigari juu yake. Tatu, jaribu breki na mikanda. Jambo la mwisho, usikifunike kigari kwa kanga au blanketi wakati wa jua. Ndani yake joto hupanda haraka, na hewa haizunguki. Weka kivuli juu, lakini acha pande wazi.

Kwa mama wa Chitete, basi, mbeleko bado ndiyo inayomfaa zaidi. Wala asione haya kwamba ni kitu cha zamani. Muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi ya kujitolea nchini Togo katika miaka ya 1960. Aliona jinsi akina mama wa huko wanavyobeba watoto wao mgongoni, na jinsi watoto hao walivyotulia. Aliporudi kwao alitaka kumbeba mtoto wake vile vile, akashonesha mfuko wa kubebea, na mwaka 1969 akapata hati ya uvumbuzi. Mifuko ya namna hiyo ikauzwa kwa fedha nyingi Marekani. Sisi mbeleko tumeirithi bure, na katika sehemu nyingi za nchi yetu hutajwa hata kwenye mambo ya posa, maana mama wa binti hupewa mbeleko kwa ajili ya kule kumbeba mwanawe.

Mbeleko ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtoto akibebwa huku mapaja yamepanuka na kuukumbatia mwili wa mama, mifupa ya nyonga hukaa vizuri katika vikombe vyake na kukua sawasawa. Katika nchi ambazo watoto wachanga walifungwa nguo kwa kubana miguu ikanyooka pamoja, nyonga zilizoteguka zimekuwa nyingi zaidi. Madaktari wa mifupa ya watoto huko Blantyre, Malawi, walio jirani zetu, waliandika mwaka 2015 kwamba ugonjwa huo wa nyonga ni nadra sana kwao, na wakaona kwamba yafaa kuhesabu ubebaji wa mgongoni kuwa moja ya sababu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama safari ni fupi na mama ni mzima, mchanga abebwe mbele, kifuani. Mkubwa ndiye abebwe mgongoni. Watu wengi hufanya kinyume chake: mchanga hufungwa mgongoni kwa sababu ni mwepesi, na mkubwa huvutwa mkono akilia. Shida ni kwamba mama hana macho kisogoni. Mchanga aliyezama ndani ya nguo mgongoni anaweza kukosa hewa bila mama kujua. Mgongoni ni mahali pa mtoto aliyekaza shingo, yaani kuanzia miezi mitatu au minne. Kabla ya hapo akae pale ambapo mama akiinamisha kichwa anamwona.

Namna ya kumfunga mbele ni hii. Chukua nguo imara. Ipitishe juu ya bega moja na chini ya mkono wa upande wa pili, kisha ifunge fundo nyuma ya bega. Mweke mtoto wima, tumbo lake kwenye kifua chako, miguu ikiwa imekunjwa na kupanuka kama ya chura. Nguo ishike matako na mgongo mzima mpaka shingoni. Isifunike uso. Kichwa kiwe juu kiasi kwamba unaweza kumbusu utosini bila kuhangaika. Halafu pitisha vidole viwili chini ya kidevu chake. Vikipita, hewa inapita. Visipopita, fungua na uanze upya. Kila baada ya hatua chache mtazame. Ukitaka kujilaza, mtoe kwanza, kwani mama aliyechoka akilala usingizi na mtoto amefungwa kifuani anaweza kumlalia.

Tukizungumzia nguo, kanga ni nzuri kwa mtoto mdogo, lakini ni nyepesi. Kanga iliyofuliwa mara nyingi huchanika ghafla, hasa kwenye pindo na penye fundo. Kwa mtoto wa kilo kumi tumia kitenge kizito au shuka ya pamba. Iinue nguo juani kabla ya kuitumia. Ukiona mwanga unapita penye nyuzi zilizolegea, hiyo sasa ni ya kufutia vumbi. Na kanga huuzwa kwa doti, yaani mbili mbili. Mama mwenye watoto wawili asiigawe doti yake kwa jirani mapema.

Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Mchanga ana kilo nne. Mkubwa ana kilo kumi. Hizo ni kilo kumi na nne. Mama akiweka ndoo ya lita 20 kichwani, maji peke yake ni kilo 20. Jumla ni kilo 34, na huyu ni mtu aliyejifungua juzi. Misuli ya chini ya tumbo inayoshika kizazi na kibofu bado imelegea. Mzigo wa namna hii unaweza kumletea kushuka kwa kizazi, au kuvuja mkojo anapokohoa, na akina mama wengi huyaficha mambo hayo kwa aibu hata miaka. Wazee walipoweka siku arobaini za mapumziko hawakukosea. Katika siku hizo mama asibebe ndoo wala kuni. Asibebe watoto wawili kwa pamoja. Abebe mchanga tu.

Nani basi atambeba mkubwa? Hapa pana neno ambalo akina baba hawalipendi. Baba naye ana mgongo. Mgongo wake mara nyingi ni mpana kuliko wa mama, na haujajifungua. Wapo wanaume wanaoona kwamba wakionekana na mtoto mgongoni watachekwa kilabuni. Wacheke. Mtoto wa mwaka na nusu anaweza pia kukaa mabegani kwa baba, miguu ikishikwa vizuri, na hiyo hakuna atakayeicheka. Baba anayesafirisha gunia la kilo mia moja kwa baiskeli hawezi kusema kwamba mtoto wa kilo kumi ni mzito.

Katika nyumba nyingi, hata hivyo, anayeitwa ni msichana mdogo wa miaka saba au minane. Yeye hufungiwa mtoto mgongoni na kuachwa nyumbani. Mgongo wake bado unakua, na mikono yake haina nguvu ya kumshusha mtoto salama. Akijikwaa huanguka wote wawili. Zaidi ya hayo, mahali pake saa hizo ni darasani. Wakati wa mavuno ya ufuta ni rahisi sana kusema, "Leo usiende shule, baki na mdogo wako." Siku moja huwa tatu, na tatu huwa wiki. Akina mama wa jirani wanaweza kupanga zamu: leo mmoja abaki na watoto watano au sita chini ya mti, kesho mwingine. Vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana kwa wazo hilo hilo. Wazo hilo halihitaji jengo. Linahitaji kivuli, maji safi, uji, choo cha karibu, na mtu mzima asiyeondoka.

Kuhusu vyombo vya safari tuseme kwa kifupi. Baiskeli huumiza watoto wengi miguu: mtoto amekaa kwenye keria, kisigino kinaingia katika spoki. Funga kikapu au ubao pembeni ili mguu usifike. Mchanga asipandishwe baiskeli hata kidogo. Pikipiki nayo ina hatari zake. Ncha ya kanga inayoning'inia hunaswa na gurudumu au mnyororo, na ikinaswa humvuta mama na watoto chini. Bomba la moshi huchoma mguu wa mtoto aliyekaa katikati. Ikibidi kupanda kwa sababu ya ugonjwa, mwambie dereva aende polepole, ingiza ncha zote za nguo ndani, na mtu mwingine afuate na yule mkubwa. Mkokoteni wa ng'ombe ni afadhali, kama mama ameketi chini katikati na kumpakata mchanga. Toroli pia humfaa mkubwa kwa safari fupi, ukitandika gunia safi. Lakini toroli iliyobeba dawa ya kuulia wadudu wa ufuta isibebe mtoto, hata kama imeoshwa.

Na jikoni je? Usipike huku mchanga amefungwa kifuani. Ugali unaruka, mafuta yanaruka, na ukiinama uso wake unakuwa juu ya moto. Mlaze penye hewa safi, mbali na moshi, ndani ya chandarua. Yule mkubwa ndiye mwenye hatari zaidi hapa, kwa maana anatembea na hajui moto. Ana wivu pia, naye atafanya lolote ili mama amtazame.

Wivu huo tusiuchukulie kama upuuzi wa kitoto. Kuna jambo kubwa ndani yake. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto uliokuwa ukiwaua kati ya mwaka mmoja na minne. Miguu yao ilivimba, ngozi ikabambuka, nywele zikawa nyepesi na zenye rangi ya kutu. Mwaka 1935 aliuita kwashiorkor, neno alilolisikia kwa akina mama wa Kiga, wenyeji wa Accra. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi. Akina mama wale hawakuwa na maabara, lakini waliona kwamba mtoto anayeshushwa mgongoni na kunyang'anywa ziwa siku moja ndiye anayeugua.

Katika nchi yetu mtoto akidhoofika namna hii husemwa kwamba amebemendwa, kwamba wazazi wamekutana mapema au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Matokeo yake mama huona aibu kumpeleka mtoto zahanati. Ukweli ni kwamba mtoto hudhoofika kwa sababu chakula chake kimepungua na maradhi, hasa kuhara, yamemzidi nguvu. Anayehitaji msaada ni mtoto, na kumsimanga mama hakumponyi. Wala maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Mama mzima anaweza kuendelea kumnyonyesha mkubwa akiwa mjamzito, mradi yeye mwenyewe anakula vizuri. Akishajifungua anaweza kuwanyonyesha wote wawili, lakini mchanga aanze, hasa siku za kwanza ambapo yapo yale maziwa ya njano yenye kinga.

Mkubwa huyo anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, katika sahani yake mwenyewe. Akila sinia moja na kaka zake hataweza kushindana nao. Uji mtupu wa mahindi hautoshi. Tia karanga au ufuta uliosagwa. Tia dagaa, maharage, yai likipatikana, mboga za majani na kijiko cha mafuta. Hapa ndipo panaposikitisha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, inayolisha nchi, imekuwa miongoni mwa yenye udumavu mwingi. Ufuta wote unapakiwa kwenye magunia na kwenda sokoni. Debe moja libaki nyumbani kwa ajili ya uji.

Je, mtoto mchanga akizaliwa mdogo, chini ya kilo mbili na nusu? Hapo mambo ya kubeba hubadilika. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kuwatunzia joto watoto njiti. Akawapa mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake mfukoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto kama hao waanze kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama huyo hana nafasi ya kubeba mtu mwingine. Kwa miezi hiyo mkubwa awe wa baba, bibi au shangazi, na baba pia anaweza kupokezana na mama kumpa njiti joto la kifua chake.

Wataalamu wanashauri mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ukihesabu na miezi ya mimba, watoto watapishana karibu miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu anatembea mpaka mtoni na kurudi, anakula mwenyewe, na ameshashuka mgongoni kwa hiari yake. Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya serikali. Baba na mama waende pamoja, waulize kila njia na kasoro zake, wachague.

Lakini kama watoto wamekwisha kuja karibu karibu, yapo mambo ya kufanya leo. Mchanga anadungwa sindano akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mkubwa anarudi kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Mwombe muuguzi aandike tarehe moja kwenye kadi zote mbili, ili safari mbili ziwe moja. Siku hiyo ondokeni mapema kabla ya jua kuwa kali, mama na mchanga kifuani, baba na mkubwa. Chukueni uji wa mkubwa kwenye chupa ya chai. Mkifika, mkubwa naye apimwe uzito na kuzungushiwa utepe mkononi. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji chakula cha nyongeza na kuangaliwa kwa karibu. Ukisoma chini ya 11.5, au miguu yake ikiwa imevimba na ukibonyeza kidole kinaacha shimo, asirudishwe nyumbani bila kutibiwa. Na mchanga akikataa kunyonya, akipumua haraka, akiwa wa moto sana au wa baridi, au akilegea, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.